Waulize walishika nini mkononi

Kopo la kwanza la rangi nililonunua kwa pesa yangu mwenyewe lilifika Bisie, mlima wa machimbo huku Walikale, mashariki mwa Kongo, mgongoni mwa mtu. Mwaka 2008 kila kitu kilifika hivyo: chumvi, bia, koleo, dawa za malaria, magodoro, hata mabati. Wabebaji walitoka Njingala na bidhaa, wakaukata msitu kwa miguu, wakapanda mlima, kisha wakarudi na magunia ya kasiterite, madini ya bati. Mwisho wa safari magunia hayo yalifika Kilambo, pale ndege zilipokuwa zikitua katikati ya barabara ya lami na kuyapeleka Goma. Rangi iliyobebwa namna hiyo huimwagi ovyo. Nilibandua kifuniko kwa msumari, nikakoroga kwa kijiti, nikaandika neno DAWA juu ya debe la mafuta nililokuwa nimelipasua na kulinyoosha kwa nyundo. Lilikuwa bango langu la kwanza. Nilikuwa na miaka 19, na mjomba wangu aliyenileta mlimani alilitazama muda mrefu kisha akasema herufi ya mwisho imelewa.

Leo nafanya kazi Walikale mjini. Naandika mabango, nasaidia kujenga, na kabla ya kujenga natengeneza kwanza nyumba ndogo ya katoni ili mwenyewe aizunguke na kuiona. Vijana wanaopita kibandani kwangu huniuliza mawazo nayatoa wapi. Nawaambia mengi nimeyapata kwa watu ambao sijawahi kuonana nao, wasanii na wasanifu wa majengo, baadhi yao marehemu. Hapo hapo wanatoa simu wakitaka kuona picha, na hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo. Nalijua hilo kwa sababu mimi nami nilianzia kwenye picha.

Ilikuwa hivi. Mfanyabiashara mmoja aliniomba nimjengee duka. Nilikuwa na picha ya duka moja la Goma, ukuta wake wa mbele umepanda hadi kulificha paa, limenyooka na kutulia kama kisanduku. Nililipenda sana. Nikamjengea vilevile: paa nimelilaza nyuma ya ukuta, mfereji wa maji nimeuficha ndani. Lakini Walikale ni msitu. Mvua yake haina mchezo, na majani hayaachi kudondoka. Wiki chache baadaye mfereji ukajaa majani, maji yakakosa pa kupita, yakaingia dukani usiku kucha. Asubuhi tulikuta sukari imeyeyuka ndani ya magunia na unga umeshikana kama matofali. Mwenye duka hakunitukana. Aliniuliza tu, "Fundi, nyumba hii ulimjengea nani?"

Nilibomoa ule ukuta kwa gharama yangu, nikalitoa paa nje hatua moja nzima kila upande. Tangu siku ile, nikikutana na kazi ya msanii inayonivutia, siulizi kwanza inafananaje. Nauliza mambo matatu na kuyaandika kwenye daftari: mkononi alikuwa na nini, shida gani ilimkaba, na nani angekitumia alichokifanya. Nisipopata jibu la yote matatu, kazi hiyo naiacha ipite, hata kama inapendeza kiasi gani.

Msanifu wa kwanza niliyemsoma kwa njia hiyo ni mama mmoja wa Kimbuti niliyemkuta kando ya njia ya msituni, na sijui kama amewahi kuitwa msanifu na mtu yeyote. Alikuwa anajenga kibanda, maana kwao kibanda hujengwa na wanawake. Alichomeka fito nyembamba kwa mduara, akazikunja na kuzisuka juu hadi zikawa kama kikapu kilichogeuzwa juu chini. Kisha akachukua majani ya mangongo, yale mapana tunayofungia chakula. Kila jani alilipasua kidogo kwenye kikonyo, akalining'iniza kwenye ufito kwa ule mpasuo, bila kamba wala msumari. Alianzia chini. Safu ya pili ikafunika kichwa cha safu ya kwanza, ya tatu ikafunika ya pili, hadi kileleni. Jioni mvua ilinyesha. Nilikaa nikiangalia tone moja likiteleza kutoka jani hadi jani mpaka ardhini, halikupata mahali pa kusimama. Mkononi alikuwa na fito na majani, shida yake ilikuwa mvua, na wa kulala mle walikuwa watoto wake. Paa langu la duka lilikuwa limeshindwa mtihani ambao yeye alikuwa ameufaulu kabla ya jua kuzama.

Ndiyo maana nilipokuja kusoma habari za Francis Kéré niliziona kama habari za ndugu. Kéré alizaliwa mwaka 1965 kijijini Gando, Burkina Faso, akaenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu Berlin. Shule ya msingi ya Gando ilikamilika mwaka 2001, yeye akiwa bado mwanafunzi. Gando shida ni joto. Darasa lenye bati tupu hugeuka tanuri, mwalimu anasema na wanafunzi wanasinzia. Kéré alikuwa na udongo wa pale pale na mikono ya wanakijiji. Akajenga kuta za matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, akaweka dari ya matofali, kisha bati akaliinua juu ya dari kwa vyuma vyembamba vya nondo, ili upepo upite katikati na kuondoka na joto. Kwenye maktaba ya hapo hapo Gando alichukua vyungu vya akina mama, akavikata juu na chini, akavipanga kwenye dari, na matundu yake yakawa ya kuingiza mwanga na kutoa hewa. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya usanifu ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Sasa, fundi wa Walikale akiiga Gando kwa macho atajenga shule ya Burkina Faso katikati ya msitu wa ikweta, na matofali yake yatalowa. Mimi nilichochukua ni ule upenyo kati ya dari na bati, maana bati letu nalo huchemka jua likitoka baada ya mvua. Naacha nafasi ya kiganja kimoja na nusu, naziba kwa wavu mwembamba popo wasiingie, na paa nalitoa nje sana kama alivyofanya yule mama. Nimejenga nyumba nne hivyo, na wenyewe wanalala bila kufungua mlango.

Kwa upande wa rangi, mwalimu wangu mkubwa ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, picha za kuning'inizwa kwenye sebule za watu wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikutana na mtafiti Johannes Fabian, akamchorea historia nzima ya nchi yetu, picha takriban 100: ukoloni, Lumumba, vita vya Katanga, Mobutu. Kila picha aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Katanga, na maneno hayo yamo kwenye kitabu cha Fabian kilichotoka mwaka 1996. Alijiita mwanahistoria, na nakubaliana naye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipotea, hakuonekana tena.

Kwa Tshibumba nilijifunza kwamba picha moja haitoshi. Nilikuwa najaribu kuiweka Bisie yote kwenye ubao mmoja, mlima, mashimo, askari, soko, na ubao ulikuwa unajaa bila kusema kitu. Nikaanza kugawa. Ubao mmoja ni mwaka 2002, watu wa kwanza wakichokora mlima. Mwingine ni mwezi wa tisa 2010, rais alipositisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema: nimechora tu njia ya msituni ikiwa imejaa migongo, sisi sote tunashuka. Mwingine ni 2019, mwaka ambao kampuni ya Alphamin ilianza kutoa bati kwa mitambo na magari yakapanda pale palipopandwa kwa miguu. Ukianza kujifunza kwa wasanii, jaribu hivi: chukua jambo unalotaka kulichora, ligawe mara tano, na anza na lile dogo kuliko yote. Kila ubao naueleza kwa mdomo mbele ya mtu kabla ya kuupaka rangi ya mwisho. Nikikwama kueleza, nimekosea kuchora.

Yupo pia Chéri Samba wa Kinshasa, aliyeanza kama mimi kwa kuandika mabango na akafungua karakana yake mwaka 1975. Yeye aliweka maandishi ndani ya picha ili mpita njia asimame kuyasoma, na akisimama aendelee kutazama. Kwa mwandishi wa mabango huo ni msaada mkubwa. Na Sammy Baloji wa Lubumbashi, mtoto wa mji wa migodi, ambaye mwaka 2006 alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa migodi akazipandisha juu ya picha za viwanda vilivyobaki magofu. Huyu bado namsoma, sijathubutu kumfuata.

Nikishampata msanii, namnakili kwa mkono mara tatu. Mara ya kwanza naweka picha mbele yangu na kuifuata mstari kwa mstari, nikikataa kubadilisha chochote, kwa sababu mkono hugundua mambo ambayo jicho limeyaruka. Mara ya pili naificha na kuchora kwa kumbukumbu; nilichokisahau hakikuwa changu. Mara ya tatu nabadilisha vitu: alichokifanya kwa rangi nakifanya kwa katoni, alichokijenga kwa udongo nakifanya kwa mianzi. Hiyo ya tatu ndiyo huzaa. Fanya zote tatu katika wiki moja, ukichelewesha hamu hupoa.

Katoni zimenijia kupitia Bodys Isek Kingelez, na kwake nimekaa muda mrefu kuliko kwa wengine wote. Alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa, akafanya kazi ya kurekebisha vinyago kwenye makumbusho ya taifa, halafu akaiacha abaki na karatasi zake tu. Kwa katoni, vifungashio, vifuniko vya chupa, mirija ya soda na vijiti vya meno alijenga miji mizima ya mezani, minara ya rangi, viwanja, mabarabara. Kazi zake zilifika Paris mwaka 1989. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Lakini kilichonigusa ni kazi ya mwaka 1994 aliyoipa jina la kijiji chake: kijiji kile kile alikokulia, amekipa minara na kiwanja cha mpira kama mji mkuu wa dunia. Alianza na mahali ambapo wengine hawakupaona.

Vifaa vyake vinapatikana hata huku. Katoni za biskuti ndizo bora, hazina mawimbi mengi ndani. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, pita mara tatu taratibu badala ya mara moja kwa nguvu. Gundi napika mwenyewe: unga wa muhogo kijiko kimoja kwa maji kikombe, koroga motoni hadi uwe kama uji unaong'aa. Mende huipenda, kwa hiyo ikikauka pitisha rangi ya mafuta kwenye viungio vyote. Karatasi za pakiti za sabuni, upande wa fedha, hutoa bati zuri la paa. Na usisahau kumweka mtu: mimi huchonga kijiti urefu wa kidole gumba na kukisimamisha mlangoni. Bila mtu yule, hakuna anayejua mlango ni mkubwa au mdogo.

Mwezi wa tatu 2025 vita vilipofika Walikale mjini, tulikimbilia msituni usiku. Katoni haikimbizwi. Niliacha kazi ya miezi sita mezani nikabeba daftari, na niliporudi sikukuta hata meza. Lakini daftari lilikuwa na vipimo vyote na yale maswali matatu kwa kila kazi, kwa hiyo niliweza kuanza tena. Daftari lako liwe dogo, liingie mfukoni, na penseli ufunge kwa uzi.

Ninachokijenga sasa ni Bisie, au tuseme Manoire, ule mji wa maturubai tuliokuwa tunaishi chini ya machimbo. Naujenga kama Kingelez alivyojenga kijiji chake, kwa minara na rangi, ila nguzo za minara nimezipanga kama magogo tuliyokuwa tunategemeza ndani ya mashimo, mawili wima na moja juu. Wazee wa shimo walikuwa wakiligonga gogo kwa nyundo na kusikiliza kabla ya kutuacha tupite chini yake. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la ujenzi, na sikujua.

Jumamosi iliyopita alikuja mama aliyekuwa akiuza wali na maharage pale Manoire. Alizunguka meza mara mbili bila kusema kitu. Kisha akalinyanyua soko langu lote kwa vidole viwili, akalishusha karibu na njia ya wabebaji. "Wanafika wamechoka," akasema, "hawawezi kupanda tena kutafuta chakula." Akatazama tena, akainama hadi kichwa kikafika usawa wa mapaa.

"Na maji tulikuwa tunachota wapi, mwanangu? Mto sijauona."

Nilivuta katoni nyingine, nikamsogezea kiti anionyeshe ulikopita.