Pistoni za kufuliwa au za kumiminwa?

SWALI: Injini ya Subaru WRX STI yangu, EJ257 ya lita 2.5, imevunjika pistoni ya silinda ya nne kwenye mifereji ya ringi. Naijenga upya iwe na nguvu zaidi. Fundi, ninunue nini kwanza?

JIBU: Pole sana, ndugu. Anza na pistoni. Za kiwandani za EJ257 ni za kumiminwa, ngumu lakini rahisi kukatika mafuta yanapolipuka ovyo ndani ya silinda. Nunua za kufuliwa, na uulize aloi. Ile ya 4032 ina silikoni takriban asilimia 12, hivyo haitanuki sana. Ya 2618 ina silikoni kidogo mno. Huvumilia mapigo zaidi, ila hutanuka na hudai nafasi kubwa kati yake na ukuta wa silinda. Asubuhi injini ikiwa baridi utaisikia ikigonga. Kwa gari la kwenda kazini ningechukua 4032, bila kusita.

Mchonga bloku apewe pistoni mkononi kabla hajagusa mashine, apime kila silinda kwa pistoni yake. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 99.5 na kuta ni nyembamba, kwa hiyo apanue kidogo tu.

Konrodi za kufuliwa na beringi mpya zifuate. Kipoza oili cha zamani kitupe, maana chenga za chuma hujificha humo na kuua beringi mpya. Halafu tafuta kilichovunja pistoni: petroli ya oktani ndogo, nozeli zilizoziba, au programu ya injini iliyochezewa.