Reindia wa Svalbard: Mnyama Anayeuawa na Mvua

Kwetu Afrika Mashariki mvua ni neema. Mkulima huitazamia, mfugaji huiombea dua. Lakini yuko mnyama ambaye mvua ikimnyeshea katikati ya majira ya baridi, hufa njaa. Huyo ni reindia wa Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo kati ya nyuzi 74 na 81 kaskazini mwa ikweta, ambako zaidi ya nusu ya ardhi imelaliwa na barafu ya kudumu.

Ni mnyama gani huyu?

Waandishi wengi humwita kulungu. Sisi tumeliepuka jina hilo, kwa kuwa kulungu wetu wa vichakani ana pembe za kudumu. Pembe za reindia ni mfupa wenye matawi, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Tena katika jamii yake yote, ni yeye tu ambaye hata jike huota pembe. Dume huangusha zake baada ya msimu wa kupandana wa Oktoba. Jike mwenye mimba hukaa nazo hadi karibu na kuzaa, mwezi Juni.

Reindia wa Svalbard ana miguu mifupi na kichwa cha mviringo, kwa maana amejitenga na ndugu zake wa bara kwa maelfu ya miaka. Visiwani hakuna mbwamwitu, hivyo hana haja ya kujikinga kwa kundi kubwa. Utamkuta peke yake, au watatu wanne, vichwa chini, wanakula.

Maisha ya akiba

Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa hivyo, hauoni jua tangu mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Kisha, tangu Aprili hadi Agosti, jua halizami kabisa. Mimea hupata wiki chache tu za kuota, na reindia hazipotezi: hula, hucheua, hupumzika kidogo, hula tena, bila kujali saa. Ifikapo vuli, mafuta ya mgongoni na kiunoni huweza kufikia unene wa sentimita 10.

Baridi yenyewe haimtishi. Nywele zake zina uwazi ndani uliojaa hewa, na pua yake huipasha hewa joto kabla haijafika mapafuni, kisha hulirudisha joto hilo anapotoa pumzi. Hata jicho hubadilika: utando wa nyuma yake, kama ule unaofanya macho ya paka yang'ae gizani, huwa wa dhahabu wakati wa kiangazi na wa buluu wakati wa giza, ili kunasa mwanga hafifu. Lakini mafuta peke yake hayamfikishi Mei. Lazima aendelee kufukua theluji kwa kwato na kula kilichoko chini.

Mvua inapoingia

Hapo ndipo msiba unapoanzia. Theluji kavu hufukulika. Mvua ikiinyeshea, maji hupenya hadi kwenye ardhi iliyoganda, nayo huganda na kuwa sahani ngumu ya barafu juu ya majani. Chakula kiko chini ya kwato zake, asiweze kukifikia. Majike hupoteza mimba. Ndama hufa, na wazee ambao meno yao yamesagika huwafuata. Baadhi hushuka pwani kula mwani uliotupwa na mawimbi, chakula kinachowaharisha, ila ni afadhali kuliko kukosa. Mbweha wa Aktiki hushiba mizoga.

Kati ya mwaka 1971 na 2017, wastani wa joto Svalbard ulipanda kwa nyuzi 3 hadi 5 za Selsiasi, na mvua za majira ya baridi zimeongezeka. Ni haki kusema pia kwamba joto hilohilo hurefusha kipindi cha majani mabichi, na reindia hawajapungua. Wawindaji nusura wawamalize kabisa, hadi Norwei ilipokabidhiwa visiwa mwaka 1925 na kupiga marufuku uwindaji mwaka huohuo. Leo, ambapo uwindaji mdogo unaruhusiwa kwa kibali, wanakadiriwa kuwa 22,000. Hata hivyo tusidanganywe na hesabu. Majike waliozaliwa mwaka 1994 walikuwa na uzito wa wastani wa kilo 55 walipokomaa. Waliozaliwa mwaka 2010, kilo 48. Wanyama ni wengi kuliko zamani, na kila mmoja ana akiba ndogo zaidi ya kumvusha katika mwaka mbaya.

Ombi kwa wageni

Ukijaliwa kufika Svalbard, kwa masomo, kazi au matembezi, utamwona reindia amesimama kimya kwenye theluji, kana kwamba hakuogopi. Anabana matumizi ya mafuta yake. Ukimkaribia akakimbia, ameteketeza alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Aprili. Mtazame kwa mbali, kisha uende zako.