SENTENSI SAHILI YA KIINGEREZA: TUANZE NA TUNACHOKIJUA



Ndugu wanafunzi, wengi wetu hapa Kilwa tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Tukiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi huweza kulijua jibu la Historia, akakosa alama kwa kuwa sentensi yake haikueleweka. Basi tujifunze sentensi sahili, yaani yenye kitenzi kikuu kimoja.

1. Kiima lazima kitajwe, mara moja tu.
Kwa Kiswahili "Anavua samaki" ni sentensi kamili, kwani "a" ya mwanzo inamwonyesha mtendaji. Kitenzi cha Kiingereza hakina "a" hiyo. Ukiandika "Is fishing", msomaji atauliza: nani? Andika "He is fishing." Ukishamtaja mtendaji, usimrudie. Si "My father he is fishing", bali "My father is fishing."

2. Kitenzi lazima kiwepo.
Katika nahau tumesoma mubtadaa na khabari: "Abii swayyaadun", yaani baba yangu ni mvuvi. Hapo Kiarabu hakikuhitaji neno la "ni". Kiingereza kinalihitaji: "My father is a fisherman."

3. Mpangilio hubeba maana.
Katika "Dharaba Zaydun Amran", dhumma inatuonyesha aliyepiga na fat-ha inatuonyesha aliyepigwa. Kiingereza hakina irabu hizo za mwisho. Nafasi ya neno ndiyo inayotujulisha. Kiima hutangulia, kisha kitenzi, kisha mtendwa: "Ibn Battuta visited Kilwa in 1331." Ukianza na Kilwa, utakuwa umesema mji ndio uliomtembelea msafiri!

ZOEZI. Sahihisha:
(a) My mother she cooks rice.
(b) Kilwa Kisiwani an island.
(c) Are playing football.

MAJIBU:
(a) My mother cooks rice.
(b) Kilwa Kisiwani is an island.
(c) They are playing football.

Nanyi wazazi msiojua Kiingereza, msione haya kusaidia. Mtoto akiandika sentensi, mwulizeni: Nani? Amefanya nini? Maneno hayo yako wapi hapa? Akishindwa kuyaonyesha kwa kidole, sentensi yake bado haijakamilika, airudie.

Wabillahi tawfiiq.