Kuni Zinapogoma Kuwaka Msimu wa Baridi

Kati ya Juni na Agosti, ukungu hushuka juu ya vilima vya Iveti na Mua na wakati mwingine haupandi hadi saa tano asubuhi. Baridi ya Machakos si kali kama ya Limuru, lakini inatosha kuzuia kuni zisikauke na kuwafanya watu wafunge madirisha. Ndipo malalamiko yanapoanza: jiko lililopika vizuri Februari sasa linatoa moshi tu, isyo haiivi, na mtoto aliyelala karibu na jiko anakohoa usiku kucha.

Wengi hulaumu jiko. Mara nyingi kosa liko kwenye kuni.

Gogo lililokatwa leo linaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Maji hayo lazima yageuke mvuke kabla ya mti wenyewe kuwaka, na hapo ndipo moto unapoliwa. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara 6 ya lile linalotumika kuyachemsha tu. Kwa hiyo anayepikia kuni mbichi anapika sufuria mbili: ile ya chakula na nyingine iliyofichika ndani ya kuni.

Kuni mbichi hujitangaza zenyewe. Zikiwekwa motoni hulia kama mafuta ya kukaanga na kutoa povu kwenye ncha. Kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha, ganda lake hubanduka kwa urahisi, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali, si kishindo kizito. Mwenye mizani anaweza kuhakikisha: apime gogo moja, aliweke juu ya uchaga, kisha alipime tena kila wiki. Gogo la kilo 2 likishuka hadi kilo moja na nusu, nusu kilo iliyopotea ilikuwa maji. Uzito ukiacha kushuka, gogo limekauka kiasi cha hewa ya mahali hapo.

Mti mzima hukauka polepole sana kwa sababu ganda huzuia maji. Uliopasuliwa hukauka haraka zaidi. Kuni zipangwe juu ya mawe au mbao, zisiguse ardhi, zifunikwe juu lakini pembeni paachwe wazi upepo upite. Kuzifunga kwa karatasi ya nailoni pande zote ni kuzichemsha kwa unyevu wake zenyewe. Uchaga wa zamani juu ya jiko, ambao nyumba nyingi mpya zimeuacha, ulikuwa na maana yake: kuni za kesho hukaushwa na moto wa leo, mradi ziwe juu vya kutosha zisishike cheche. Mabua ya mbaazi na magunzi ya mahindi hufaa kuwashia. Mgunga ni mzito na makaa yake hudumu. Grevilea ni nyepesi na huisha upesi, hivyo inafaa kwa chai kuliko kwa muthokoi.

Kuni zikiwa kavu na moshi bado upo, sasa hewa ichunguzwe. Rangi ya moshi husaidia. Moshi mweupe mzito una maana kwamba kuni zinafuka bila mwali, ama kwa unyevu au kwa moto kuwa baridi mno. Mwali mrefu wa rangi ya chungwa unaopaka sufuria masizi meusi una maana kwamba kuni ni nyingi kuliko hewa iliyopo.

Katika jiko la udongo lenye mdomo mmoja, kuni na hewa hupitia tundu lile lile. Mpishi aliyechelewa huujaza mdomo mpaka pomoni akidhani anaongeza moto, kumbe ameuziba pua. Vipande vitatu vya unene wa vidole viwili, ncha zake zikikaribiana katikati ya jiko, huwaka kuliko gogo moja nene. Kipande kimoja peke yake huzimika, kwa kuwa kila kuni hupashwa joto na jirani yake. Majivu ya jana yaondolewe kabla ya kuwasha. Sufuria nayo isikalie jiko kabisa. Moto ukikosa pa kutokea juu, moshi hurudi kwa mpishi.

Jiko lenye bomba la moshi lina tatizo jingine msimu huu. Bomba huvuta kwa sababu hewa ya moto ndani yake ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Asubuhi bomba lenyewe ni baridi, na kuni mbichi hutoa moshi usio na joto la kuupandisha. Dawa ni kuanza kwa mwali mdogo mkali wa nyasi kavu au karatasi chini ya bomba, kisha kuongeza kuni moshi unapoanza kupanda. Bomba likiendelea kugoma, litazamwe kama limejaa masizi au kiota cha ndege, na kama limepita mgongo wa paa. Chumba pia kisizibwe: bomba haliwezi kutoa hewa mahali ambapo hakuna inayoingia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 walio chini ya miaka mitano. Mtoto anayekohoa na kupumua kwa haraka, au kifua kinachobonyea anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho linahusu wanaochoshwa na kuni na kuingiza jiko la makaa chumbani wapate joto la kulalia. Makaa mekundu hayatoi moshi, ila hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamshwi nayo. Jiko hilo lisilale ndani hata kidogo, hata likionekana kufifia chini ya majivu. Anayeamka na kichwa kizito, kizunguzungu au kichefuchefu katika chumba chenye jiko atolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali, hata akisema amepata nafuu.