Chui na Korongo wa Mabwawa: Kila Kiumbe kwa Jinsi Yake

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, chafundisha kwamba Mungu aliumba ndege siku ya tano, na wanyama wa nchi kavu siku ya sita, kila kiumbe kwa jinsi yake. Maana ya neno hilo huonekana wazi kwa viumbe wawili wa Kongo.

1. Chui. Huyu ni wa jamii moja na simba na paka. Ana miguu minne, manyoya yenye madoa, na kucha azifichazo atembeapo, asizitoe ila kwa kukamata au kupanda mti. Huwinda peke yake, hasa usiku, na mara nyingi hupandisha nyama mtini, wengine wasimnyang'anye. Jike huchukua mimba miezi mitatu na zaidi kidogo, huzaa watoto wawili au watatu, nao hawajafumbua macho. Huwanyonyesha na kuwalea peke yake.

2. Korongo. Katika mabwawa ya Upemba, huko Katanga, yuko ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mti. Kimo chake chapata mita 1 na sentimeta 20. Husimama kimya kati ya mafunjo, kisha ghafula humwangukia kambare. Jike hutaga mayai, mara nyingi mawili. Dume na jike hupokezana kuyaatamia mwezi mzima. Jua likiwa kali, huchota maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai yapate kupoa.

3. Tofauti. Wote wawili ni wawindaji wenye subira. Lakini chui hatagi, wala korongo hanyonyeshi. Chui huzaa chui, na korongo huangua korongo.

4. Binadamu. Wako wanaoogopa kwamba mchawi hugeuka chui usiku. Mwanzoni mwa karne ya 20, kaskazini-mashariki ya Kongo, watu waliuawa na kuraruliwa kana kwamba na chui. Wauaji walikuwa Anioto, watu waliojivika magome ya mti yaliyotiwa madoa na kushika kucha za chuma. Hakuna aliyegeuka mnyama; mtu alimwua mtu, na dhambi ilikuwa yake.

Basi mbuzi akiliwa, anayemshitaki mjane mzee wa jirani kwamba ndiye chui, avunja amri ya nane, na pengine amtia mtu asiye na hatia katika hatari ya kufa.

Nabii Yeremia, sura ya 13, ataja madoa ya chui yasiyoweza kubadilika. Ngozi haigeuki; bali moyo wa mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, hugeuzwa na neema ya Ubatizo.

MAULIZO

Je, mtu aweza kugeuka chui?
Hawezi. Kila kiumbe hukaa katika jinsi yake.

Mkatekumeni afanye nini asikiapo jirani akisingiziwa uchawi?
Asiyaeneze maneno hayo, bali amtetee.

Kitu gani chaweza kugeuka ndani ya mtu?
Moyo wake, kwa neema ya Mungu.