Somo: Elimu ya Kuwatunza Wazee

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu mwanafunzi, sote tumesoma Suratul Israa, aya ya 23 na 24. Tumeamrishwa kuwafanyia wema wazazi wetu wanapofikia uzee, tumekatazwa hata kuguna mbele yao, na tumefundishwa kuwaombea. Lakini je, mapenzi peke yake yanatosha kumtunza mzee?

Tuchukue mfano. Bibi alikuwa na akili zake timamu jana. Leo asubuhi hajui ni siku gani, na anazungumza na watu wasiokuwepo. Hana homa. Mmoja nyumbani anasema, "Uzee huo." Mwingine anasema amechezewa. Aliyesoma atauliza: Anakunywa maji? Ameanza dawa mpya? Anapata haja ndogo vizuri? Maradhi ya njia ya mkojo au ya mapafu yanaweza kuivuruga akili ya mzee ghafla, hata bila ya homa. Akitibiwa mapema, mara nyingi hurudi katika hali yake. Usahaulifu unaokuja polepole kwa miezi na miaka ni jambo jingine. Nyumba isiyojua tofauti hii inaweza kumpoteza bibi huku inampenda.

Elimu ya uzee huitwa jerontolojia, na tiba ya wazee huitwa jeriatria. Si mambo mageni kwetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika kitabu chake Al-Qanun namna ya kuwatunza wazee kwa chakula na mazoezi. Huko London, kuanzia mwaka 1935, daktari Marjory Warren alipokea wagonjwa wazee waliokuwa wamelazwa tu kitandani. Aliwapima mmoja mmoja, akawafanyisha mazoezi, na wengi wakaweza kurudi makwao.

Mwenye kutaka kazi hii anazo njia nyingi. Hapa Tanzania:

1. Uuguzi: stashahada ni miaka 3.
2. Udaktari: miaka 5 ya chuo na mwaka 1 wa mazoezi hospitali, kisha ubingwa.
3. Tiba ya viungo: kumrudishia mzee uwezo wa kusimama na kutembea.
4. Ustawi wa jamii: mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, hata wavuvi na wakulima wasiowahi kuajiriwa. Mipango kama hiyo inahitaji wasomi.

Kwa njia tatu za mwanzo, shika sana Baiolojia, Kemia na Fizikia.

Usisubiri chuo. Anza leo nyumbani: andika dawa zote anazotumia babu, karatasi hiyo aende nayo kwa daktari. Ondoa busati linaloteleza. Weka taa njia ya chooni. Ukizungumza naye, mkabili, usipige kelele.

Ukinuia radhi za Mwenyezi Mungu, kazi hii ni riziki na ni ibada. Na tukijaaliwa umri, wazee wa kesho ni sisi.

Maswali ya kujipima:
(a) Kuna tofauti gani kati ya mzee kuchanganyikiwa ghafla na kusahau polepole?
(b) Taja hatari mbili za kuanguka zilizopo nyumbani kwenu. Umeziondoa?

Wabillahi tawfiq.