Mgeni Katika Mji wa Morogoro

Wengi wetu tunaokaa vijijini tumepita Msamvu. Hapo barabara zinakutana. Moja inatoka Dar es Salaam. Ya pili inakwenda Dodoma. Ya tatu inakwenda Iringa na Mbeya, mpaka Zambia. Nyingine inaingia Morogoro mjini. Basi likisimama, tunanunua maji na karanga, tunapanda tena, tunaondoka. Mji wenyewe hatuuoni.

Katika somo hili hatutaondoka. Tuseme umeleta mgonjwa katika hospitali ya mkoa. Au una kesi ya shamba. Au umeuza ndizi zako, na mnunuzi amesema atakulipa keshokutwa. Basi unazo siku mbili. Utalala wapi? Na mchana, wakati unangoja, utafanya nini?

KUPATA CHUMBA

Karibu na stendi ya Msamvu zipo nyumba nyingi za kulala wageni. Usimfuate mtu anayekushika mkono na kukubebea mzigo. Soma vibao mwenyewe, kisha ingia. Kama mko wengi, ulizeni nyumba nzima yenye jiko. Siku hizi wapo watu wanaopangisha nyumba zao kwa siku chache tu, na wengine huzitangaza kwa simu. Hiyo huwafaa watu waliokuja kuuguza, kwa sababu wanaweza kumpikia mgonjwa uji. Lakini msitume fedha kwa simu kabla ya kuiona nyumba.

Mama mmoja ameingia katika nyumba ya wageni. Mhudumu ni kijana.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nataka chumba.

– Sijambo, mama. Karibu. Vipo vya elfu kumi na mbili, na vipo vya elfu kumi na tano.

– Kwa usiku mmoja?

– Ndiyo, mama. Cha elfu kumi na tano kina choo ndani.

– Haya. Nionyeshe kwanza cha elfu kumi na mbili.

Mama huyu hakutoa fedha kabla ya kuona chumba. Alipoingia alifunga mlango kwa ufunguo, akaufungua. Alijaribu komeo la dirisha. Aliinua chandarua, akatazama kama kina matundu. Alifungua bomba. Mambo haya si ujeuri. Mtu anayelipa ana haki ya kutazama.

Kisha akaletewa kitabu cha wageni. Humo mgeni huandika jina, mahali anapotoka, mahali anapokwenda, namba ya kitambulisho na sahihi. Zamani wengi wetu tulibonyeza dole gumba katika wino, na mhudumu akatuandikia maneno anayoyataka yeye. Ulitoka Kinole, akaandika Matombo. Ulikuwa na jina la baba yako, akalikata katikati. Nawe ulikuwa huna la kusema, maana hukujua kilichoandikwa. Sasa shika kalamu uandike mwenyewe. Andika polepole. Mhudumu atangoja.

Ukilipa, omba stakabadhi. Siku mbili kwa shilingi 12,000 ni shilingi 24,000. Tazama tarehe, tazama idadi ya siku, tazama jumla. Kama umelipa siku mbili na stakabadhi inasema siku moja, sema hapo hapo, na si kesho wakati mhudumu mwingine ameingia zamu.

Jambo jingine ni saa ya kutoka. Ukutani pengine imeandikwa kwamba mgeni atoke kabla ya 10:00 asubuhi. Hiyo si saa kumi yetu. Namba hizo hufuata saa ya Kizungu. Toa sita: 10:00 asubuhi ni saa nne. Ukikosea hapo unaweza kudaiwa fedha ya siku nyingine.

HABARI YA MSAMVU

Kabla hujapanda daladala kwenda mjini, simama kidogo. Karibu na stendi hii, asubuhi ya tarehe 10 Agosti 1919? Hapana, si zamani hivyo. Ilikuwa mwaka 2019. Lori la mafuta lilipinduka. Petroli ikamwagika. Watu wakakimbilia na madumu ili wachote. Mafuta yakalipuka, na moto ukawakuta wote, waliokuwa wakichota na waliokuwa wakitazama tu. Watu zaidi ya 100 walikufa, siku hiyo na katika siku zilizofuata hospitalini. Taifa liliomboleza kwa siku tatu.

Petroli si kama mafuta ya taa. Hutoa mvuke usioonekana, na mvuke huo hutambaa chini ukienda mbali na lori lenyewe. Cheche moja ya pikipiki yatosha. Magari ya mafuta huwa yameandikwa HATARI kwa herufi kubwa. Ni neno lenye herufi sita tu. Ukiliona juu ya gari lililopinduka, ondoka, na umwondoe na mwenzako.

MJI WENYE UKUTA

Sasa tuingie mjini. Ndani ya daladala, sikiliza majina ya mahali, na uyasome kwenye vibao: Boma, Kingo, Sultan Area, Kiwanja cha Ndege, Sabasaba, Mji Mpya. Majina haya yanaeleza mambo yaliyopita. Palipo na jina la Kiwanja cha Ndege mtu hujiuliza, ndege zilitua wapi? Na Kingo ni nani? Kingo lilikuwa jina la watawala wa ukoo ulioanzisha mji huu.

Mwanzilishi wake aliitwa Kisabengo. Alikuwa mtu wa Uzigua. Alifika chini ya milima ya Uluguru katika karne ya 19, akakusanya watu, wengine wakiwa watumwa waliotoroka, akajenga mji. Tusimsifu mno. Kisabengo alikuwa mtu wa vita, na majirani wengi walitekwa wakauzwa. Mji ulipata utajiri kwa sababu misafara ya Bagamoyo ilipita hapa ikienda Tabora na Ujiji. Kila msafara ulitakiwa kutoa hongo, yaani kodi ya njia, kwa nguo na shanga.

Baada ya Kisabengo alitawala binti yake. Jina lake ni Simbamwene, na mji pia uliitwa hivyo. Mwaka 1871 alipita mwandishi mmoja wa gazeti la Marekani, Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Aliandika kwamba mji ulizungushiwa ukuta wa mawe, una minara kwenye pembe, na milango yake ni ya mbao zilizochongwa. Mtawala wa mji huo wote alikuwa mwanamke. Wanaume wanaosema darasani kwamba mwanamke hajapata kutawala katika nchi hii, na wasome habari hii.

Mwaka uliofuata, 1872, ilikuja mvua kubwa yenye tufani. Maji yalishuka kutoka mlimani, mto ukafurika. Stanley aliporudi alikuta upande mmoja wa ukuta umechukuliwa na maji pamoja na nyumba nyingi. Basi usije Morogoro ukitafuta ukuta wa Simbamwene kama watu wanavyokwenda Zanzibar kutazama nyumba za Mji Mkongwe. Kule majengo yamebaki. Hapa kumebaki majina na habari, na ndiyo maana ni lazima ziandikwe.

RELI, BOMA NA NYUMBA

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Stesheni ilipokuja, mji uligeuka ukaitazama. Maduka ya Wahindi yakajengwa karibu nayo. Boma la serikali likawa upande wa mlimani. Tarehe 26 Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza na Makaburu yaliingia mjini, na Wajerumani wakakimbilia kusini. Wapagazi wengi sana wa Kiafrika walikufa katika vita hiyo, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi.

Tangu Juni 2024 ipo reli nyingine, ya treni za umeme, na safari ya kwenda Dar es Salaam haifiki saa mbili. Lakini stesheni ya zamani inafaa kutazamwa.

Tembea kwa miguu katika mitaa ya zamani. Utaona nyumba za Kiswahili. Mbele kuna baraza. Katikati kuna ukumbi mrefu, na vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna ua, jiko na choo. Nyumba hii moja iliweza kuwaweka mwenye nyumba na wapangaji watano wa makabila matano. Mpangaji aliyetoka Ugogo aliishi ukuta kwa ukuta na Mpogoro. Wakapikiana, wakagombana juu ya maji, wakaozana. Watu husema kwamba siasa na vyama vya mpira vilitufanya taifa moja. Mimi naona ua wa nyumba ya vyumba sita ulifanya kazi kubwa vilevile.

Katika mitaa hii ulipigwa muziki uliosikika Afrika Mashariki yote. Salum Abdallah alikuwa na Cuban Marimba mpaka alipofariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alipiga gita katika Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Osaka. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979. Waulize wazee wa mjini. Watakuonyesha palipochezwa dansi, na pengine watakuimbia.

Ukipita mtu kibarazani, msalimu kwanza. Usichungulie madirishani. Nyumba ya zamani ni nyumba ya mtu.

SOKONI

Soko kuu la Morogoro ni jengo jipya. Lilifunguliwa mwaka 2021 na linaitwa Soko la Chifu Kingalu. Kingalu ni jina la watawala wa Waluguru tangu zamani. Hapa mtu wa mlimani hajioni mgeni. Kabichi, karoti na njegere zimetoka Mgeta. Ndizi zimetoka Matombo na Kinole. Lakini tazama bei kwenye vibao, uiandike katika daftari. Mkungu uliouza kijijini kwako unauzwa hapa kwa shilingi ngapi? Nauli ni kiasi gani? Baki inakwenda kwa nani? Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko zawadi zote utakazopeleka nyumbani.

Kutoka sokoni, inua macho. Mlima unaonekana kama umeegemea mji. Maji ya bomba la mji hutoka huko. Mto Ruvu nao unatoka Uluguru, na watu wa Dar es Salaam wanaunywa. Kwa hiyo shamba lako la mteremko si jambo lako peke yako, na watawala walilijua hilo zamani. Tangu mwaka 1950 serikali ya Waingereza iliwaamuru Waluguru walime kwa matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuzuia udongo ni jambo jema. Lakini watu hawakuulizwa. Kuchimba ngazi ni kazi nzito, na nyingi iliwaangukia wanawake. Mahali pengi udongo wa juu ni mwembamba. Ukichimbua, unaleta juu udongo usio na rutuba, na mahindi hayamei. Aliyekataa alitozwa faini. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira. Polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa mwaka huo huo.

Hata hivyo, ukienda Mgeta leo utaona wakulima wa mboga wanalima kwa matuta ya ngazi. Hakuna polisi anayewasimamia. Mboga zinawalipa, nao wanajua wapi ngazi inafaa na wapi haifai.

MAZIMBU

Siku ya pili, kama una nafasi, nenda Mazimbu. Kutoka Msamvu si mbali. Zamani lilikuwa shamba la mkonge. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa ardhi hiyo wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC. Walikuwa wameufahamu mji huu tangu kabla ya mkutano wao mkubwa wa mwaka 1969, uliofanyika Morogoro. Huko Mazimbu walijenga shule kwa ajili ya vijana wao waliokimbia nchi. Waliiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Walijenga pia hospitali, nyumba na karakana, na wakalima. Mwaka 1992 walikabidhi kila kitu kwa Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Yapo makaburi huko. Wengine waliolala hapo hawakuiona Afrika Kusini iliyo huru. Soma majina yao kwa sauti.

MAZUNGUMZO DARASANI

1. Mama katika somo hili angekaa siku tatu katika chumba cha shilingi 15,000, angelipa shilingi ngapi?

2. Katika kibao imeandikwa 9:00 asubuhi. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?

3. Je, serikali ya mwaka 1955 ingefanya nini ili watu wa Uluguru wakubali kuhifadhi udongo? Wenye mashamba ya mteremko waanze kusema.

4. Mtu aliyekuwa na miaka kumi wakati wa fujo za Matombo sasa amepita miaka sabini na tano. Nani kijijini kwenu anaikumbuka miaka hiyo? Chagueni wawili wenye mwandiko mzuri, waende kumsikiliza wiki hii, waandike maneno yake kama anavyoyasema.